Risala ya Wanafunzi Watanzania Wanaosoma Japani kwa Mgeni Rasmi kutoka Kijiji cha Ogimachi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzee wetu wa Ogimachi, Shirakawa-go;
Walezi wetu;
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana:

Awali ya yote, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuteremka kutoka milima ya mkoa wa Gifu kuja kujumuika nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipotembelea kijiji chenu mlitupandisha darini mwa mojawapo ya nyumba zenu za nyasi, mahali ambapo wazee wenu walifuga viwavi wa hariri. Tuliangalia mapaa juu yetu tusione msumari hata mmoja. Ni kamba tupu, na fito za miti michanga ziitwazo neso, zinazosokotwa na kufungwa zikiwa mbichi. Zikikauka zinakaza zenyewe. Paa lina mwinuko mkali ili theluji iteleze kwa urahisi. Chini ya sakafu, enzi za mababu, ilitengenezwa shura ya baruti. Nyumba moja ilikuwa makazi, shamba na kiwanda.

Lakini kilichotugusa zaidi ni uamuzi wenu wa mwaka 1971. Wakati huo vijana walikuwa wakihamia mijini, mabwawa ya umeme yalikwisha kumeza vitongoji vya bonde la mto Sho, na nyumba za nyasi zilikuwa zikiuzwa na kung'olewa. Wanakijiji mkaketi, mkakubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. UNESCO walipokuja kuiandika Shirakawa-go pamoja na eneo jirani la Gokayama katika Urithi wa Dunia mwaka 1995, walikuta kazi kubwa mmeshaifanya wenyewe. Kwa hilo tunawapongeza kwa dhati.

Tunafahamu pia kwamba mzigo haujapungua. Paa hudumu miaka 30 hadi 40, na kuliezeka upya kwa yui, yaani ujima wenu, kunahitaji mikono ya watu zaidi ya 100. Watalii ni wengi kuliko wenyeji, na wengi hupiga picha wakaondoka. Sisi hatupendi kuhesabiwa miongoni mwao.

Hivyo tuna maombi mawili. La kwanza, mtakapoezeka tena, mtuite tubebe nyasi na kushika kamba. La pili, mturuhusu kuketi na mafundi wazee watufundishe kufunga neso, nasi tuyaandike mafunzo hayo kwa Kijapani na Kiswahili, nakala ya kwanza ibaki kijijini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.