Ndoo ya taka si maabara

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini makala yenu ya afya ya juzi kuhusu uvimbe wa kichwani imenishinda kunyamazia. Eti ukiuma ni jipu, usipouma ni mafuta yaliyoganda chini ya ngozi, watu walale. Fuvu lenyewe, ambalo nalo ni mfupa na huota uvimbe wake, halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Mtoto wa dada yangu alitoka uvimbe juu ya sikio, laini katikati, akiguswa analia. Zahanati wakasema jipu, wakachana. Usaha haukutoka. Kilitoka kinyama laini cha rangi ya njano iliyofifia, kikafutwa kwa pamba, na pamba ikaishia kwenye ndoo ya taka. Ndoo ya taka, Mhariri! Hakuna eksirei, hakuna chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze), hakuna sampuli ya kupeleka maabara. Kidonda kikagoma kupona, na eksirei ilipopigwa baadaye tukaonyeshwa tundu kwenye mfupa, la mviringo, kingo kali kama karatasi iliyotobolewa. Ikabidi mtoto akatwe upya kutafuta kinyama kile kile walichokitupa. Majibu: ugonjwa wa seli za Langerhans, yaani aina ya seli za kinga kuzidi na kujazana mahali, ambao huwapata zaidi watoto na hupenda fuvu. Tundu likiwa moja, mara nyingi hukwanguliwa likapona, na mengine hujifunga yenyewe. Ila ni lazima mifupa mingine nayo ipigwe picha, na mzazi aulizwe kama mtoto ana kiu isiyoisha na anakojoa kupita kiasi, maana ugonjwa huo unaweza kufika tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo inayosaidia mwili kudhibiti maji. Nani angeuliza hayo wakati wote wanasubiri usaha? Na uvimbe ulio katikati ya kichwa au puani juu ni wa kuogopwa zaidi: mwingine una njia hadi ndani kwenye ubongo, na mtu anaukata bila picha!

Halafu hizi CD za skani. Unapewa moja, kompyuta ya daktari wa pili haiifungui, mtoto anarudishwa kwenye mashine kupigwa mionzi ile ile. Hilo nalo liandikeni.

Napendekeza ndoo za taka za vyumba vya upasuaji mdogo zitiwe kufuli, ufunguo akae nao mtu wa maabara. Na ukurasa wenu wa afya, kama hauna daktari wa kuupitia kabla haujachapwa, wekeni utabiri wa nyota. Huo angalau haumpeleki mtoto kwenye wembe.

Mjomba wa mgonjwa