Barua kwa wajina: wale watu wa nyoka

Wajina mpendwa,

Salamu kutoka Dodoma. Hapa wote wazima, vumbi tu ndilo linalotusumbua. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nachambua mchele, na nilicheka peke yangu pale shemeji alipokukatiza: "Hakuna Mkristo aliyewahi kumheshimu nyoka!" Mwambie apunguze sauti kidogo. Walikuwapo. Ila namna tulivyokuja kuwajua ina mambo yake, ndiyo maana nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia.

Waliitwa Wanaasi, kikundi cha Wakristo wa karne za kwanza. Jina limetoka kwenye neno la Kiebrania la nyoka, nahashi; Kigiriki hakina sauti ya "sh", basi wao wakasema naas. Fungua Samweli wa Kwanza sura ya 11 utamkuta Nahashi Mwamoni, yule aliyetaka kuwang'oa watu wa Yabesh-Gileadi macho ya kuume. Neno ni hilo hilo. Halafu angalia Kiswahili kilivyowatendea: wanaasi! Maaskofu wa zamani wangelipenda sana neno hilo. Wenyewe walijiita Wagnostiki, wenye kujua, wakidai kwamba ni wao peke yao wanaovijua vilindi.

Sasa, kila kitu ninachokueleza kimetoka kwa mtu aliyewachukia. Mwanzoni mwa karne ya 3, huko Roma, kiliandikwa kitabu kirefu cha juzuu 10 cha kuwapinga wazushi wote. Wataalamu wengi wanasema mwandishi ni Hipoliti, mwalimu wa kanisa la Roma, ingawa wengine bado wanabisha. Juzuu ya kwanza ilijulikana siku zote, ila watu waliidhania kazi ya Origene, mwalimu wa kanisa wa Aleksandria. Nyingine zilipotea mpaka 1842, Mgiriki mmoja, Minoides Mynas, alipoleta Paris hati kuukuu kutoka kwenye monasteri za Mlima Athos huko Ugiriki. Emmanuel Miller akaichapisha 1851, naye bado akaweka jina la Origene. Juzuu ya 2 na ya 3 hazijaonekana hadi leo. Wanaasi wako kwenye ya 5. Yaani kwa karne nyingi watu hawa walikuwa wamelala kwenye rafu ya watawa, ndani ya kitabu cha mshtaki wao.

Na mshtaki huyu, wajina, hasira yake ndiyo iliyotusaidia. Alitaka kuthibitisha kwamba hawakuwa na lolote la Kristo, bali wameokota kila kitu kwa wapagani. Ili athibitishe, ikabidi anakili. Akanakili, akanakili, kurasa kwa kurasa, mpaka tukabaki na kitu kinachofanana na mahubiri yao wenyewe, pamoja na nyimbo. Angekuwa mtu mpole angeandika mistari miwili tu, "walikosea", akapita.

Humo ndani utakuta wanasema mwanzo wa ukamilifu ni kumjua Mtu, na kumjua Mungu ndio ukamilifu uliotimia. Huyo Mtu kwa herufi kubwa ni Adamasi, Mtu wa kwanza wa juu, mume na mke kwa pamoja. Wakigusa mungu yeyote wa mataifa, Atisi wa Frigia au Osiri wa Misri, wanamwona Adamasi yule yule kavaa jina jingine. Mafundisho yao walisema yametoka kwa Yakobo ndugu wa Bwana, naye akampa Mariamne. Nimeona nikutajie hilo maana najua utalipenda: mnyororo wa mapokeo unapita mikononi mwa mwanamke.

Lakini ninachokipenda zaidi ni ile mito minne ya Edeni. Kwao Edeni ni ubongo. Pishoni ni jicho, Gihoni ni sikio, Hidekeli ni pua inayovuta pumzi, Frati ni mdomo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijishika uso, kwa kweli, kama mjinga, nikihesabu mito. Na Yordani je? Ukishuka, unawazuia Israeli wasitoke Misri, na Misri ni huu mwili. Yoshua akaurudisha kwenda juu. Kumbuka kwa Kigiriki Yoshua na Yesu ni jina moja, hivyo msikilizaji wao hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Na nyoka? Hapa shemeji ana nusu ya haki. Hipoliti anasema hawakuheshimu kingine ila huyo Naasi. Lakini ukisoma maelezo anayoyanakili, nyoka huyo ni unyevu, ile asili ya majimaji ambayo bila yake hakuna kinachosimama, cha kufa wala kisichokufa. Hadithi ya nyoka hai anayefugwa sandukuni, akatolewa azunguke juu ya mikate ndipo waimege na kumbusu, ni ya askofu Epifani, aliyeandika katika karne ya 4 juu ya kundi jingine la nyoka, Waofiti. Mimi simwamini sana Epifani. Mwenye mahubiri yao mkononi hakutaja sanduku.

Mwaka 1945, kule Nag Hammadi nchini Misri, wakulima walikuta mtungi wenye vitabu 13 vya Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri. Hakuna hata kimoja chenye jina la Wanaasi. Ila Injili ya Tomaso, mkusanyo wa maneno ya Yesu ambao Hipoliti alisema waliutumia, imo. Yeye anawanukuu wakisema anayemtafuta Bwana atamkuta kwa watoto wa kuanzia miaka saba. Katika Kikopti mzee anamuuliza mtoto wa siku saba. Hazilingani, lakini unaona ni ndugu. Na katika kitabu kingine cha mtungi huo kuna mwandishi anayeuliza huyu ni Mungu wa namna gani, anayemwonea Adamu wivu asile mti wa ujuzi, kisha anauliza "uko wapi?" kana kwamba hajui. Watu wenye swali kama hilo, nyoka wangemwonaje?

Wimbo wao mmoja umeharibika maneno hapa na pale katika hati. Roho imevaa sura ya ayala, imechoka, mauti yanaicheza. Mara inaiona nuru, mara inatupwa inalia, na njia ya kutokea haijui. Ndipo Yesu anamwambia Baba amtume: atashuka na mihuri mkononi, apite enzi zote, afungue siri zote.

Nitakutafsiria wote wiki ijayo, mchele ukiisha kuchambuliwa. Shemeji msomee sehemu ya mito, ile ya sanduku mfiche kwanza.

Wajina wako