Mganga sio mchawi jamani

Mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi habari za kazi. Nimesoma habari yenu ya yule mzee wa huku kanda ya ziwa, kichwa kimeandikwa MCHAWI herufi kubwa, ukishuka chini unakuta kumbe ni mganga wa jadi. Sasa nyie hivi vitu viwili mnavichanganyaje?

Kwa Kisukuma mganga ni nfumu, mchawi ni nogi, na hata mtoto wa darasa la pili hayachanganyi hayo maneno. Nfumu nyumba yake inajulikana, watu wanapanga foleni mchana kweupe, nogi nani amewahi kumpelekea mbuzi wa shukrani?

Bibi mzaa mama alikuwa nfumu, Misungwi. Hakujichagulia, aliugua miaka na miaka hospitali hawaoni kitu mpaka akaambiwa ni wahenga wanamtaka ashike kazi, akashika, akapona. Na kazi yenyewe niliiona kwa macho yangu, alfajiri yuko porini na kijembe anachimba mizizi ya upande mmoja tu ili mti usife, anaanika juu ya bati, halafu kutwanga kutwa nzima, ukila ugali aliousonga yeye jioni hiyo unausikia uchungu wa dawa. Mtoto akiletwa na homa kali anasema kampimeni malaria kwanza ndio mrudi. Na zile ngoma za Wagika na Wagalu mnazozipiga picha kila mwaka kwenye sherehe ya Bulabo pale makumbusho ya Wasukuma Bujora zilianzishwa na waganga wawili waliokuwa wanashindana kwa dawa za kuvuta watu, mbona hapo hamuandiki wachawi?

Sisemi wote wasafi. Balaa liko kwenye ramli. Kuna usiku alikuja bwana mmoja na pikipiki, amevaa kabisa tai, ng'ombe wake wanakufa na mke mimba zinaharibika, kifaranga kikapasuliwa, bibi akakiangalia weee akasema dawa nakupa, jina la aliyekuroga sikupi. Yule bwana akatoa noti zingine akaziweka kwenye ungo. Bibi akamrudishia zote, pamoja na za mwanzo. Akaondoka anatukana, na nina uhakika alipata jina kwa mwingine maana wa kutaja majina hawakosekani, na jina likishatajwa ni mapanga usiku, na siku zote ni kikongwe, mara nyingi mjane, mara nyingi mwenye kashamba.

Sheria ya Uchawi ipo tangu mkoloni, 1928, inakataza kujidai una uchawi lakini inakataza vilevile kumtaja mwenzako kuwa mchawi, hili la pili watu hawalijui na nyie hamliandiki. Halafu ipo ya tiba asili ya 2002 ya kusajili waganga. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga, 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli, yote kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Huku kwetu wakajificha kidogo wakarudi, sasa hivi kila nguzo ya umeme ina kikaratasi na namba ya simu, kurudisha mpenzi, pete ya bahati, kumjua mbaya wako. Hiyo ya mwisho ndio muifuatilie, pigeni hizo namba.

Kingine, macho mekundu, ambayo kikongwe akiwa nayo tu watu wanasema mchawi huyo. Huku kuni hakuna, tunapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, moshi wake ukikaa nao miaka hamsini kwenye kijumba kisicho na dirisha macho yatakuwaje meupe? Bibi alipozeeka mjomba akamjengea jiko la nje, wazi pande zote, majirani wakasema anamdekeza mama yake. Mjomba hakubisha. Alishaona yakianza kuwa mekundu.

Ni mimi msomaji wenu, Mwanza.