Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo: Tulivuliwa jezi mlangoni

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,

Shikamoo. Sijui kama umenizidi umri, lakini kiti ulichokalia kina heshima yake na mimi nililelewa hivyo.

Naandika nikiwa Chumbageni, Tanga, kwenye karakana ya shemeji yangu ya kuchomelea vyuma, ambako ndiko ninakopata riziki. Nilicheza Ligi Kuu misimu tisa, kuanzia 1999 hadi 2008, beki tatu, yaani beki wa kushoto. Klabu siitaji. Nikiitaja tu, nusu ya watu wataacha kusoma na kuanza kutukanana kwa ajili ya rangi za jezi, na ninachotaka kusema kitapotea.

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na klabu hiyo. Siku ya tamasha la kutambulisha kikosi kipya, wakaniambia, tunataka magwiji wetu wapite uwanjani mashabiki wawaone. Mke wangu alifurahi kuliko mimi. Akaninyooshea suruali, akakopa kwenye kikoba chao shilingi elfu arobaini ya kwenda na kurudi, kwa kuwa tuliahidiwa kurudishiwa nauli hukohuko. Tulifika wanane. Mmoja alitoka Mbeya, kakesha ndani ya basi. Tukapewa jezi mpya, kila mtu na jina lake na namba yake ya zamani mgongoni. Nilipoiona ile tatu, Mheshimiwa, ilibidi nikae chini kwanza.

Tukaingia. Mtangazaji akatusoma, jina langu akalikosea, lakini watu wakapiga makofi na mimi nikachechemea mpaka katikati ya uwanja na kupunga mkono. Kwa dakika zile nne au tano sikusikia maumivu yoyote.

Tulipotoka, kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo alikuwa amesimama kijana mwenye kitambulisho shingoni na boksi miguuni. Akasema jezi zirudishwe, zina hesabu yake. Tukavua. Watu wazima wanane, wengine wajukuu wanao, tumesimama vifua wazi tunatafuta mashati yetu kwenye mabegi. Kipa wetu alimuuliza yule kijana kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii yenye jina langu utamvalisha nani?" Kijana hakujibu. Alikuwa ametumwa tu, simlaumu. Tukauliza nauli, tukaambiwa mhasibu ametoka. Mpaka leo ninapoandika, elfu arobaini ya kikoba mke wangu anadaiwa.

Nilirudi Tanga na usiku ule goti halikunipa usingizi. Ndipo nikaamua kukuandikia.

Goti lenyewe lina habari yake. Mwaka 2007 niliumia mechi zikiwa zimebaki mbili, na tulikuwa tunazihitaji zote. Nikachomwa sindano, nikafungwa bandeji, nikacheza. Kiongozi mmoja alinishika bega akaniambia, "Maliza hizi mbili, utafanyiwa upasuaji kwa gharama za klabu." Nikamaliza. Upasuaji ukasogezwa mpaka baada ya mapumziko, halafu mpaka baada ya usajili, halafu nikacheza msimu mwingine mzima kwa vidonge. Msimu ule ulipoisha, jina langu halikuwemo kwenye orodha ya wanaoendelea. Sikuambiwa na mtu, nilisikia redioni. Mkataba wangu ulikuwa wa karatasi moja na nakala walibaki nayo wao. Niliandika barua tatu kudai matibabu. Mwisho nikauza kiwanja nilichokuwa nimenunua Mbagala, nikafanyiwa upasuaji kwa pesa yangu, na daktari akaniambia ukweli: umechelewa. Nikaendesha bodaboda, goti likakataa. Sasa nachomelea mageti nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mguu nimeunyoosha.

Haya yamenikuta mimi, lakini ninaowajua ni wengi na hadithi zinafanana mno kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Winga wetu mmoja ni mlinzi wa usiku kwenye ghala. Mwingine anacheza ndondo, mashindano ya mtaani, hadi leo, na miaka 46, kwa shilingi elfu kumi na soda. Tukikutana kwenye kundi letu la simu, ni kuchangishana tu: huyu figo, yule kodi ya nyumba, yule mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule.

Wapo waliofika mbali, nami najivunia. Leodegar Tenga aliongoza Taifa Stars kama nahodha kwenye fainali za Afrika za 1980 kule Nigeria, kisha akaja kuwa rais wa TFF, shirikisho letu la mpira. Abdallah Kibadeni aliwafunga Yanga mabao matatu siku ile Simba waliposhinda sita bila mwaka 1977, na mwaka 1993 akiwa kocha akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Mkwasa, Matola, Mecky Maxime, wote wamecheza na wote wamekaa kwenye mabenchi ya ukocha. Lakini Ligi Kuu ina timu 16. Makocha wakuu ni 16, na klabu zenye pesa huwafuata wa kwao nje ya nchi. Bila leseni ya CAF hukai kwenye benchi, na kuipata leseni ni kozi, ni ada, ni wiki kadhaa mbali na kibarua kinacholisha watoto. Kila msimu wanaachwa vijana wangapi? Hawa hawawezi wote kuwa makocha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichoma kuliko jezi. Mwaka 2022 nilikwenda ofisi ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kuulizia michango yangu. Binti wa dirishani alinihudumia vizuri, akatafuta jina langu kwa kila namna, kwa herufi hii na kwa herufi ile. Hakukuwa na hata mwezi mmoja. Misimu tisa, Mheshimiwa. Nilikuwa nasaini daftari la mshahara kila walipolipa, nilidhani kinachokatwa kinakwenda huko.

Na sheria ilikuwepo! Sheria ya NSSF ni ya mwaka 1997, mimi nimeanza kucheza 1999. Asilimia 20 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mwajiriwa, ndivyo ilivyo kwa mhudumu wa hoteli na dereva wa lori. Yule binti akanifafanulia kwamba pensheni inataka michango ya miezi 180. Nikaomba kalamu. Misimu yangu tisa ni miezi 108. Ingebaki miezi 72. Ningeijaza mwenyewe kwa kuchangia kwa hiari, kwa haya haya mageti, na ningekuwa nimemaliza kitambo. Mwaka 2031 nitatimiza miaka 55 na ningeanza kupokea kila mwezi, kidogo, lakini kila mwezi. Nilibaki nimekaa pale na ile karatasi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama najisikia vibaya.

Nilikuwa na rafiki, tumetoka mtaa mmoja na tulianza wote mchangani. Mimi nilipoitwa Dar, yeye alikwenda timu ya jeshi. Tulimcheka, tukamwambia anakwenda kucheza mpira wa gwaride. Yeye aliajiriwa, akavaa magwanda, alipotundika daruga akaendelea na kazi. Anakaribia kustaafu na kiinua mgongo chake kinamsubiri. Kwa hiyo mchezaji wa Tanzania Prisons au JKT ambaye jina lake halijulikani hata mtaani kwao anaweza kuzeeka salama kuliko nyota aliyebebwa mabegani Kariakoo. Zamani ilikuwa hivyo kwa wengi zaidi. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Sigara, zile zilikuwa timu za mahali pa kazi. Ulicheza Jumamosi, Jumatatu unaripoti. Mimi nadhani mambo yaliharibika mashirika ya umma yalipobinafsishwa miaka ya 1990: timu zikafa, na mchezaji akageuka kibarua wa msimu. Inawezekana sababu ni nyingine, wasomi watasema. Ninachojua ni kwamba nilivaa jezi miaka tisa na hakuna karatasi inayoonyesha nilikuwa mwajiriwa wa mtu.

Pesa haikuwepo enzi zetu, wataniambia. Sawa. Leo ipo. Mwaka 2021 haki za kuonyesha ligi ziliuzwa kwa Azam kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Yanga wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba wamecheza 2025, Rais mwenyewe ananunua mabao yao kwa mamilioni, yaani kila bao lina zawadi yake. Nafurahi, nasema kweli, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Na mwaka 2027 AFCON, zile fainali za Afrika, inakuja hapa kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Najua kitakachotokea. Watatafutwa wazee wa 1980 wapigwe picha. Litasimuliwa tena goli la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, goli lililotupeleka Nigeria na ambalo tuliishi nalo miaka 39 mpaka tulipofuzu tena kwa ajili ya 2019. Tafadhali, mkituita, msituvue jezi.

Mwaka juzi tulimzika mwenzetu Magomeni. Kiongozi mmoja wa mpira alishika kipaza sauti mbele ya jeneza akatuambia mfuko wa wachezaji wa zamani uko mbioni. Nimeyashika maneno hayo kwa sababu mjane aliyasikia akanyanyua kichwa. Tangu siku ile tumezika wengine watatu, na kila msiba anakuja kiongozi na ubani wake kwenye bahasha na neno "mbioni".

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na madai mengi. Nilitaka sehemu ndogo ya pesa za televisheni itengwe kwa wazee. Nilitaka kozi za ukocha ziwe bure kwa aliyecheza misimu mitano. Nilitaka bima ya afya kwa kila mwenye goti kama langu, na goti langu likiwa la kwanza. Nilitaka pia nauli yangu. Nimeyasoma yote tena na nimeyaweka pembeni, kwa kuwa nimeshaona dai likiwa refu linapewa kamati.

Naomba moja. Kila msimu klabu huomba leseni TFF, na huulizwa habari za uwanja, timu za vijana, vyeti vya makocha. Iongezwe karatasi moja: uthibitisho kutoka NSSF kwamba michango ya kila mchezaji imelipwa mwezi kwa mwezi. Hakuna karatasi, hakuna leseni. Iwe klabu kubwa au iliyopanda juzi.

Utaambiwa FIFA haitaki serikali iingilie mpira, na utatajiwa Kenya waliofungiwa mwaka 2022. Nalifahamu hilo. Lakini michango ya NSSF ni sheria ya nchi iliyopitishwa na Bunge unaloketi, haina habari na kanuni ya kuotea. Mkaguzi akiingia kwenye kiwanda kuuliza michango ya vibarua haombi ruhusa Uswisi. Kwa nini aogope lango la klabu? Kaa na mwenzako wa wizara inayosimamia kazi, mwite na mkubwa wa NSSF, waiteni TFF kwa heshima zao. Ni kikao cha asubuhi moja.

Mimi hainisaidii kitu, uelewe hivyo. Miezi yangu 108 haitarudi. Wala sitaki kuambiwa nijiunge sasa, nimeshajiunga, nachangia kwa hiari tangu siku ile niliyotoka pale ofisini, na nimepiga hesabu nitakuwa na umri gani nikifika 180.

Ila kuna kijana hapa mtaani, ana miaka 19, beki tatu, mguu wa kushoto kama wembe. Amesajiliwa Ligi Kuu msimu huu. Juzi alikuja karakana na furaha yake yote akanionyesha mkataba kwenye simu. Kurasa nne, umechapwa vizuri, una kipengele cha kuchelewa kambini na kipengele cha kutokata nywele ovyo. Nimeusoma mara mbili kutoka mwanzo. Neno NSSF halimo. Mshahara wake wa kwanza ni mwisho wa mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Beki tatu wa zamani,
Chumbageni, Tanga.

(Jina langu na namba ya simu viko kwenye nakala niliyoituma masijala ya wizara.)