Mnara wa walinda amani uanze na orodha ya majina

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika 29 Mei, Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani wa Umoja wa Mataifa, na tena 25 Julai tunapowakumbuka mashujaa wetu, hoja ileile hurudi: Tanzania nayo ijenge mnara wa kitaifa wa walinda amani wake. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba mazungumzo hukimbilia sanamu, iwe ya askari wa shaba mwenye kofia ya bluu, njiwa, au ngao na mikuki. Sisi tunaochonga mawe ya kumbukumbu hapa Iringa tunaomba kazi ianze na orodha ya majina. Jiwe lifuate, na sanamu ije mwisho, kama fedha imebaki.

Tazameni Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Ilisimamishwa mwaka 1927 na imedumu, na maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Lakini anayekumbukwa pale ni askari asiye na jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba zaidi ya watu laki moja waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina. Wamo wapagazi waliobeba mizigo ya vita katika milima hii yetu. Miaka mia moja baadaye, orodha zao hazipatikani tena. Za walinda amani wetu bado zinapatikana, kwa kuwa wajane, wazazi na watoto wao wako hai, na makarani walioshika mafaili wapo.

Hata hivyo orodha si rahisi kama watu wanavyodhani. Chukueni shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini huko Kongo, 7 Desemba 2017. Taarifa za kwanza zilisema askari wetu 14 wameuawa. Hesabu iliyofuata ya Umoja wa Mataifa ikawa 15, majeruhi zaidi ya 40, na mmoja hakuonekana. Mchonga mawe akipewa gazeti la wiki ile, atachonga 14. Je, huyo asiyeonekana anaandikwa wapi? Ushauri wetu ni kwamba aandikwe palepale na wenzake, chini ya tarehe ileile, na alama ndogo mbele ya jina ambayo maana yake imechongwa chini ya ubao wa jiwe. Asisubirishwe hadi mafaili yafungwe.

Kuna na swali la nani anahesabiwa. Wale askari wetu saba waliouawa Darfur Kusini, Sudan, 13 Julai 2013 walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika kwa pamoja. Waliokwenda Anjouan, Komoro, mwaka 2008 walikuwa chini ya Umoja wa Afrika. Brigedi ya Kongo iliyoundwa na Baraza la Usalama kwa azimio namba 2098 la Machi 2013, sisi tukiwa na Afrika Kusini na Malawi, ilikuwa ya Umoja wa Mataifa. Lakini askari wetu wawili waliokufa mashariki mwa Kongo mwishoni mwa Januari 2025 walikuwa katika kikosi cha SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Ukuta wa kumbukumbu ambao Baraza Kuu liliamua mwaka 2023 ujengwe New York ni wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Basi wetu usiige kipimo hicho. Aliyetumwa na nchi kulinda amani, bendera ya kikosi iwe ya bluu au ya kijani, jina lake liingie. Polisi na Magereza waingie pia, na vilevile waliokufa kwa malaria au gari kupinduka. Katika hesabu za Umoja wa Mataifa tangu 1948, ajali na magonjwa yameondoa walinda amani wengi kuliko mashambulizi, na hao nao wanahesabiwa kuwa wamekufa kazini.

Sasa tahajia, ambako sisi ndiko tunakoona machozi. Hamisi wa Bara na Khamis wa Unguja ni majina mawili tofauti kwa wenye nayo. Karani anayependa usawa huyageuza yote kuwa moja. Kihwele hupoteza h na kuwa Kiwele. Ng'umbi hupoteza kibainishi chake, ile alama iliyo juu baada ya Ng, kwa sababu programu ya kukata stensili haikukisoma, au hukigeuza kuwa alama ya kufungia maneno iliyoinama vibaya. Kwenye karatasi unafuta. Kwenye jiwe, herufi iliyochimbwa milimita 4 haifutiki. Utalazimika kusaga uso mzima wa ubao kwa milimita 5 na kuung'arisha upya, na mara nyingi ni nafuu kuutupa. Kuziba kwa gundi ya epoksi na unga wa jiwe huonekana sawa siku ya uzinduzi, kisha jua likipiga misimu miwili mitatu kiraka kinabadilika rangi, na kila anayepita anajua hapo palikosewa.

Kwa hiyo kabla tindo haijagusa jiwe, majina yachapishwe na kubandikwa kwenye ofisi za wilaya na shehia kwa siku 60, na familia ithibitishe kwa saini. Upo ushahidi mmoja wa kulinganisha ambao wengi wanausahau: medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa 1997, ambayo familia ya mlinda amani aliyekufa katika kazi ya Umoja wa Mataifa hupewa. Ni kioo chenye umbo la yai, na juu yake limechongwa jina na tarehe ya kifo. Kama jina la kwenye kioo na la kwenye cheti cha kuzaliwa yanapishana, familia iulizwe lipi ni la kweli. Isiamuliwe ofisini.

Kuhusu jiwe lenyewe, sokoni kila kinachong'aa kinaitwa graniti. Pima mwenyewe. Kamua ndimu juu ya kipande kilichong'arishwa, subiri dakika kumi, futa. Marumaru itatoa vipovu na kubaki na doa lisilong'aa, graniti haitajali. Kisha kwaruza kwa ncha ya msumari, marumaru inachanika. Jiwe la Songwe, Mbeya, lililojengwa na maji ya chemchemi za moto, ni zuri na ni letu, na tungependa lionekane kwenye mabenchi na kuta za ndani. Lakini lina vitundu, maji yanakaa humo, ukungu wa kijani unaota, na herufi ndogo zinapotea kingo. Majina yawekwe kwenye graniti, tena ya rangi nyeusi au kijivu kilichokoza. Sababu ni kwamba herufi kwenye jiwe jeusi husomeka kwa tofauti ya uso unaong'aa na tundu lililokwaruzwa, bila rangi. Kwenye graniti nyeupe lazima upake rangi, na rangi ya juani huanza kubanduka baada ya miaka michache. Hapo ndipo mtu huja na brashi na kupaka nje ya mistari.

Tusitumie mabamba ya shaba kwa majina. Nchi ambamo vibao vya barabarani na kingo za madaraja hung'olewa na kuuzwa vyuma chakavu haiwezi kuacha kilo za shaba zikiwa zimefungwa kwa skrubu nne uwanjani.

Vipimo tunavyopendekeza kwa kila ubao wa ukuta wa majina ni urefu wa mita 1.2, upana sentimita 60, unene sentimita 3. Uzito wake ni karibu kilo 58, watu wawili wanaubeba bila winchi. Herufi kubwa za milimita 20, kutoka mstari hadi mstari milimita 35. Ukiacha sentimita 10 juu na 10 chini unapata mistari 28. Toa mitatu ya kichwa, yanabaki majina 25. Kwa upana unapata herufi kama 33 tu, ambazo zinatosha majina matatu ya Mtanzania lakini hazitoshi kuongeza cheo, kikosi na tarehe. Ndiyo maana tunasema majina yapangwe kwa mahali na siku: kichwa kiwe SEMULIKI, 7 DESEMBA 2017, na chini yake wote kwa alfabeti, koplo na afisa sawa. Aliyekufa peke yake, kama wale wawili wa Agosti na Oktoba 2013 huko Kivu Kaskazini, apate kichwa chake mwenyewe. Theluthi moja ya ukuta ibaki imeng'arishwa bila maandishi. Inauma kuiacha, lakini askari wetu bado wako nje, na kubandika ubao mpya wa jiwe la machimbo mengine miaka kumi baadaye huleta rangi isiyofanana.

Ukuta wa nyuma uwe wa zege lenye nondo, unene sentimita 20. Tengenezeni sanduku la kupimia la lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50: mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, maji yasizidi lita 27. Wanaokoroga huongeza maji ili zege liteleze; likikauka linanywea na kupasuka. Dodoma adui ni jua, kwa hiyo zege lifunikwe kwa magunia mabichi siku 7 bila kukosa, 14 ni bora. Ukijenga Mafinga au Njombe Juni na Julai adui ni baridi, saruji inachelewa kushika, na anayevua mbao zinazolishika zege mapema anavunja kona. Popote pale, subirini siku 28 kabla ya kufunga mabamba ya jiwe.

Na mabamba yasibandikwe kwa saruji kama vigae vya bafuni. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi. Mvua inaingia kwenye viungio, inayeyusha chumvi za saruji, na mistari myeupe inatiririka juu ya majina. Halafu jua la mchana na ubaridi wa usiku vinaliachanisha jiwe na ukuta mpaka ukiligonga linalia kama debe tupu. Kila ubao ushikwe kwa pini nne za chuma kisichoshika kutu, mbili juu mbili chini, zikiingia kwenye unene wa jiwe, na nyuma paachwe nafasi ya sentimita 3 ili maji yashuke na kutoka. Chuma cha kawaida hapana, kwa kuwa kutu huvimba na kupasua jiwe kutoka ndani. Tukumbuke pia kwamba Mbeya na Dodoma zote zimo kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Jiwe la gundi huanguka, la pini hubaki. Kinga ya radi iwekwe tangu mwanzo, isije kuongezwa baadaye kwa waya unaoning'inia mbele ya majina.

Usafi ni maji safi na brashi laini. Dawa ya choo ina asidi, inakula viungio na inaua marumaru kabisa. Na wiki ya maadhimisho isiwe wiki ya kupaka chokaa: herufi zikizibwa mara tatu nne, jina halisomeki tena.

La mwisho ni kimo. Mstari wa chini usishuke chini ya sentimita 60 kutoka sakafuni na wa juu usizidi mita 1.8. Njia ya kufika ukutani iwe na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 12, upana mita 1.5, bila ngazi hata moja, kwa sababu waliojeruhiwa Semuliki watakuja wengine kwa viti vya magurudumu, na wazee watakuja kwa fimbo. Mbele ya ukuta pasiwekwe mnyororo wala bustani ya maua. Watu hawa hawaji kutazama kwa mbali, wanakuja kugusa jina, na kina cha milimita 4 ndicho kinachofanya kidole cha mzee asiyeona vizuri kilitambue.

Mafundi wa mawe ya kumbukumbu,
Iringa Mjini