Mada ya Jumamosi: Dot Robinson

Dada zangu wapendwa, salaam.

Jumamosi, tukishaegesha pikipiki, tutamzungumzia Dot Robinson, mzaliwa wa Australia wa mwaka 1912 aliyekulia Marekani, binti wa mtengenezaji wa vigari vya ubavuni mwa pikipiki. Mwaka 1940 alishinda mashindano magumu ya Jack Pine, Michigan, katika daraja la pikipiki zenye vigari hivyo.

Linalonigusa zaidi ni chama cha wanawake waendesha pikipiki cha Motor Maids, alichokianzisha pamoja na Linda Dugeau, ambaye alikuwa ameandika barua huku na huko akiwatafuta wanawake waendeshaji, mmoja baada ya mwingine, hadi wakapatikana wa kutosha. Dot akakiongoza kwa miaka 25. Kwenye gwaride wanachama walivaa glavu nyeupe, na pikipiki yake Dot, Harley-Davidson ya rangi ya waridi, ilikuwa na mahali pa kuwekea rangi ya mdomo. Napenda sana kwamba hakukubali kuchagua kati ya umaridadi na mwendo. Aliendelea kuendesha hadi uzeeni, akafariki mwaka 1999.

Naomba kila mmoja wetu aje na jina la mwanamke mwendeshaji ambaye bado hatujamkaribisha kikundini, ili tumwandikie siku hiyohiyo.