Subira ya kasa si kukaa ukingoja bahati

Mhariri,

Tumelelewa tukiambiwa subira yavuta heri, na vijana wengi wanaichukua kama ruhusa ya kukaa kibarazani. Kasa anayepanda fukwe zetu za Pangani kutaga ana subira ya namna nyingine.

Akiona tochi au watu wakipita mbele yake hugeuka, akarudi baharini bila kutaga, aje wakati mwingine. Akiridhika na mahali, huchimba shimo la mayai kwa mapezi ya nyuma tu: moja linachota mchanga, jingine linamshikilia, kisha yanapokezana. Mchanga ukiwa mkavu mno kuta huporomoka, naye huliacha shimo akachimbe jingine. Mayai mia na zaidi hayatii kwenye shimo bovu. Sisi je? Msingi umepasuka na bado tunapandisha tofali, kisa saruji tumeshanunua.

Wanaotushangaza zaidi ni watoto wake. Mayai hukaa takriban miezi miwili, na wakishapasua maganda hawatoki siku hiyo. Hubaki chini siku kadhaa wakimalizia kiini kilichosalia tumboni, huku wakipanda pamoja: wa juu hukwangua mchanga, wa chini huukanyaga unapoanguka, na sakafu yao inainuka kidogo kidogo. Wa juu wakihisi joto la jua hutulia, na wote hutulia nao. Mchanga ukipoa usiku, safari inaendelea. Anayewafukua mapema kwa huruma huwatoa hawajakomaa, wakaliwa na kunguru na kaa. Wazazi tunaowasukuma watoto madarasa ya juu kabla hawajajua kusoma, hili linatuhusu.

Ila si kila jambo ni la kungojewa. Kisiwa cha Maziwe hufunikwa na maji yakijaa, kwa hiyo mayai ya huko huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, bara. Kazi hiyo hufanywa saa chache za mwanzo baada ya kutagwa, bila kugeuza yai juu chini. Kiinitete kikishajishika kwenye ganda, kuligeuza ni kukiua. Waachiwe waliofunzwa.

Wenye nyumba na hoteli za ufukweni, tafadhalini, usiku zimeni taa zinazoelekea mchangani. Watoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa desturi ni bahari. Taa zenu huwapeleka bara, na jua likichomoza linawakausha. Taa isiyozimika ifunikwe, imulike chini tu.

Wasomaji wenu,
Pangani, Tanga